KUULIZA WACHACHE ILI KUJUA HALI YA WENGI

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa makatibu wa matawi na wajumbe wa kazini



Halmashauri imetutaka tuseme machache kabla ya kazi ya mwezi ujao kuanza. Kama mjuavyo, chama kimeamua kuwauliza wanachama wanatumiaje mshahara wao: chakula shilingi ngapi, kodi ya nyumba ngapi, nauli ngapi, ada za shule ngapi, na deni la dukani ngapi. Majibu hayo ndiyo tutakayoyaweka mezani wakati wa kuzungumza na waajiri habari za mapatano mapya, na ikiwa hatukuelewana yatakwenda nasi mpaka mahakama ya kazi. Kumwuliza kila mtu hatuwezi. Fedha hatuna, siku hazitoshi, wala watu wa kuandika hawatoshi. Basi tutawauliza wachache. Na mara tutakapofungua mdomo kusema tumewauliza wachache, wakili wa waajiri atasimama na swali moja tu: Wachache gani? Tusipokuwa na jibu, kazi yote ya mwezi mzima imekwenda bure.

Ndugu zetu wa bandarini na wa maghala ya nafaka wanalijua bambo. Ni kile chuma chenye ncha, kilicho wazi ndani kama mfereji, ambacho hudungwa ubavuni mwa gunia na kikivutwa hutoka na punje chache. Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini ili kujua lina wadudu au halina. Bambo humtosha. Lakini wote mliowahi kufanya kazi hiyo mnajua ujanja wa mwuzaji: mahindi mazuri huwekwa juu, yale yaliyooza huwekwa katikati, na magunia mazuri hupangwa mbele karibu na mlango. Mnunuzi akidunga mdomoni mwa gunia tu, na magunia ya mbele tu, atadanganyika. Tena akidunga hapo mara mia, au mara elfu, atazidi kudanganyika, maana sasa ana uhakika. Si udogo wa bambo uliomponza, bali ni mahali alipodunga.

Neno hilo ndilo zito kuliko yote tutakayosema leo, na watu wengi hulikataa. Hudhani kwamba ukiuliza watu wengi sana ndipo utapata kweli. Basi tuwape habari ya Marekani, maana huko ndiko jambo hili lilikoonekana wazi mbele ya dunia nzima, na wafanyi kazi walikuwamo ndani yake.

Mwaka 1936 Rais Franklin Roosevelt alikuwa akisimama mara ya pili. Nchi ilikuwa bado katika ile shida kubwa ya kukosa kazi iliyoanza mwaka 1929. Mwaka 1935 Roosevelt alikuwa ametia sahihi sheria iliyolinda haki ya wafanyi kazi kuunda vyama na kuzungumza na waajiri kwa pamoja, na matajiri wengi walimchukia kwa hiyo na kwa mambo mengine pia. Aliyeshindana naye ni Alf Landon, gavana wa Kansas.

Palikuwa na gazeti la kila juma lililoitwa Literary Digest. Tangu 1916 gazeti hili lilikuwa likiwauliza watu kwa posta watampa nani kura ya urais, na kila mara lilimtaja mshindi sawasawa. Mara hii likapeleka karatasi zaidi ya milioni 10. Fikirini, ndugu, karatasi milioni 10! Zikarudi zaidi ya milioni 2. Likahesabu, likatangaza: Landon atapata 57 kwa mia, Roosevelt 43. Siku ya kura ikafika, na Roosevelt akapata karibu 61 kwa mia, akachukua majimbo 46 katika majimbo 48 yaliyokuwako siku hizo. Landon alibaki na Maine na Vermont tu. Gazeti lile halikupona aibu hiyo, na mwaka 1938 likakoma.

Je, majina ya watu milioni 10 yalitoka wapi? Mengi yalitoka katika vitabu vya simu na katika orodha za watu wenye motokaa. Katika mwaka 1936, wakati watu wanapanga mistari kungojea supu ya bure, ni nani aliyekuwa na simu nyumbani? Mtu aliyefukuzwa kiwandani hakuwamo katika kitabu kile. Mpangaji wa chumba kimoja hakuwamo. Miaka ya nyuma kasoro hiyo haikuonekana sana, kwa sababu tajiri na maskini hawakuwa wametengana sana katika kura zao. Mwaka 1936 walitengana, na gazeti likawa limedunga bambo mdomoni mwa gunia mara milioni mbili.

Lakini orodha peke yake siyo iliyoharibu mambo. Katika mji wa Chicago gazeti lilifanya vizuri zaidi: lilimpelekea karatasi kila mtu wa tatu katika daftari ya wapiga kura wenyewe, maskini na tajiri. Waliojibu walikuwa karibu 20 tu katika kila mia. Na zaidi ya nusu ya hao walisema Landon, hali siku ya kura mji ule ulimpa Roosevelt karibu kura mbili kwa kila moja ya Landon. Orodha ilikuwa njema. Waliojibu ndio waliokuwa wa upande mmoja. Mtu mwenye hasira na serikali huchukua kalamu upesi akajibu. Mtu aliyetulia, au aliyechoka, au asiyezoea kuandika, huiacha karatasi juu ya meza mpaka mtoto aichukue akachorea. Ndugu, tukumbuke hili tutakapofika katika kazi yetu: kimya cha wasiojibu nacho ni jibu, ila hatujui ni jibu gani.

Mwaka ule ule Bwana George Gallup, ambaye alikuwa na kampuni changa ya kuuliza maoni ya watu, aliuliza watu kama 50,000 tu, akasema Roosevelt atashinda kwa 56 kwa mia. Alipungukiwa na karibu 5, lakini mshindi alimjua. Tena mwezi wa Julai, kabla Digest halijapeleka karatasi zake, alikwisha andika kwamba gazeti hilo litakosea na litasema Landon 56, Roosevelt 44. Hakuwa mganga. Alijua tu orodha yao ilivyo.

Sasa msidhani tunamsifu Bwana Gallup kupita kiasi, maana mwaka 1948 zamu yake ilifika. Truman alikuwa akishindana na Dewey. Vyama vya wafanyi kazi vilikuwa vikimsaidia Truman kwa nguvu, kwa sababu mwaka 1947 alijaribu kuizuia sheria ya Taft-Hartley iliyovibana vyama, na bunge likaipitisha juu ya kichwa chake. Wauliza maoni wakubwa watatu, Gallup, Roper na Crossley, wote walisema Dewey. Gallup alimpa Dewey 49 na nusu kwa mia, Truman 44 na nusu. Kura zilipohesabiwa Truman alipata karibu 50 na Dewey 45. Ni kama mtu aliyezisoma namba zile kichwa chini.

Njia yao ilikuwa hivi. Kila mwulizaji aliambiwa: Leta wanaume kadha, wanawake kadha, vijana kadha, wazee kadha, weusi kadha, wa mapato haya kadha. Akiisha kutimiza hesabu hiyo, nani hasa wa kumwuliza ni shauri lake mwenyewe. Kwa kuangalia juu juu ni njia ya haki kabisa. Lakini mwulizaji naye ni binadamu. Akiambiwa atafute wanaume watano maskini, atawatafuta wale watano maskini wenye kusema vizuri, wanaokaa karibu na barabara ya lami, ambao mbwa wao hana ukali. Hatapanda ngazi mpaka ghorofa ya sita. Na hao wa karibu na barabara walikuwa zaidi wa upande wa Dewey. Juu ya hayo waliacha kuuliza mapema: Roper alisema mwezi wa Septemba kwamba hana haja ya kuendelea, kura ikiwa ya mwanzo wa Novemba. Watu waliobadilisha nia katika majuma yale ya mwisho hakuna aliyewaona.

Hapa tunaomba ruhusa tuongeze kidogo, maana ni habari ya kupendeza masikio ya wanachama. Gazeti la Chicago Daily Tribune, ambalo halikumpenda Truman, lilichapa kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza kwamba Dewey amemshinda Truman. Kwa nini liliharakisha? Wapanga herufi wake walikuwa katika mgomo tangu Novemba 1947, nao ni mgomo uliotokana na ile sheria ya Taft-Hartley. Bila mafundi hao gazeti lilikuwa likipigwa kwa taipu na kufanyiwa picha kabla ya kuchapwa, kazi ya polepole sana, basi likalazimika kufunga kurasa masaa mengi kabla ya kawaida yake. Likategemea maneno ya wauliza maoni. Siku mbili baadaye Truman alisimama katika stesheni ya gari la moshi mjini St. Louis, akaliinua gazeti hilo juu akicheka, na picha ile ingali inaonyeshwa mpaka leo.

Baada ya 1948 wataalamu walikaa kamati, na shauri lao kubwa lilikuwa kumnyang'anya mwulizaji uhuru wa kuchagua. Watu wachaguliwe kwa kura. Nasi Waswahili neno hili twalijua tangu zamani, kabla ya masanduku ya uchaguzi: kupiga kura ni kuchukua vijiti au vipande vya karatasi, kuvichanganya, na kutoa kimoja bila kuangalia, ili asiwepo wa kulaumiwa. Kura hiyo ndiyo dawa. Kila mtu awe na nafasi yake ya kuchaguliwa, inayojulikana, na asiwepo mtu, awe mwulizaji au mwajiri au katibu wa tawi, mwenye kuamua nani aingie.

Ukifanya hivyo, ndipo hesabu ya wangapi inapoanza kuwa na maana. Ukiwauliza 100 kwa njia ya kura, jibu lako linaweza kupotoka kwa kama 10 kwa mia, juu au chini. Ukiwauliza 400, kama 5. Ukiwauliza 1,000, kama 3. Ona jinsi inavyokwenda: kupunguza kosa nusu lazima uongeze watu mara nne. Na ajabu nyingine ni kwamba watu 1,000 wanatosha kwa mji mmoja, na wanatosha karibu vile vile kwa Kenya nzima, ambayo katika hesabu ya 2019 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 47 na nusu. Mpishi hahitaji kijiko kikubwa zaidi kwa kuwa sufuria ni ya arusi. Anahitaji kukoroga. Ila hizo 3 au 5 kwa mia zahesabu kosa la bahati tu. Kosa la orodha mbaya, la wasiojibu, na la swali lililopinda halimo humo, na magazeti mara nyingi hayalisemi.

Shida ya wasiojibu imezidi siku hizi. Huko Marekani shirika moja kubwa la utafiti, Pew, lilipata kwamba mwaka 1997 katika kila watu 100 waliotafutwa kwa simu 36 walikubali kuulizwa. Mwaka 2018 walikuwa 6. Hapa kwetu nako maoni mengi ya siasa huulizwa kwa simu ya mkononi. Aliye zamu anazima simu au ameiacha langoni kwa askari, kwa hivyo hapatikani. Tangu 2012 tuna sheria ya kutangaza maoni ya uchaguzi: mwenye kutangaza lazima aseme nani alilipa, nani aliuliza, lini, watu wangapi, swali lilikuwa gani na kosa lake ni kadiri gani, tena hairuhusiwi kutangaza katika siku 5 za mwisho kabla ya uchaguzi. Gazeti likikuletea namba bila mambo hayo, litumie kufungia sukari.

Turudi kwenye mshahara. Wazee wetu waliumizwa na hesabu iliyoacha watu nje. Zamani za ukoloni mshahara wa chini mijini ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja, hana mke, hana mtoto. Walipima chakula chake, nguo yake, mafuta yake ya taa, wakaongeza kidogo, wakasema yatosha. Kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilitoa taarifa mwaka 1954, ikaona kwamba karibu nusu ya wafanyi kazi wa mijini katika makampuni ya watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, hawapati mshahara wa kutosha mahitaji ya lazima, ikashauri kwamba mshahara upimwe kwa mtu na jamaa yake. Katika kipimo kile cha kwanza namba zilijumlishwa sawasawa, ila mama na watoto hawakuwamo katika orodha.

Leo waajiri hutuletea hesabu ya bei inayotolewa kila mwezi na Shirika la Taifa la Takwimu. Sisi hatusemi hesabu hiyo ni ya uongo. Watu wake huchagua nyumba kwa kura, na kazi yao ni bora kuliko ya wengi. Lakini ni wastani wa nyumba zote. Katika hesabu iliyotumika tangu 2010, chakula na vinywaji visivyo pombe vilipewa uzito wa 36 katika mia. Ilipobadilishwa mwaka 2020, kwa kufuata uchunguzi wa 2015 na 2016, uzito huo ukawa karibu 33. Mwenye gari yumo humo, na anayetembea kwa miguu kwenda kazini yumo. Sasa mwanachama wetu wa chini hutumia mangapi katika kila shilingi mia kwa unga, mafuta na mboga? Hatutaki kubahatisha mbele ya hakimu. Ndiyo sababu ya kwenda kuuliza.

Basi kazi itakuwa hivi. Tuseme kiwanda kina watu 600, wa kudumu 360 na vibarua 240, nasi twataka 100. Kwanza tupate orodha zote mbili. Orodha ya makato ya ada ya chama haitoshi, ndugu makatibu, maana kibarua hamo, wala yule ambaye makato yake hayajapelekwa. Ikiwa mwajiri anakataa kutoa orodha ya vibarua, wajumbe waiandike wenyewe langoni, zamu ya mchana na zamu ya usiku, siku za juma zote. Kisha tuchukue 60 katika wale na 40 katika hawa, yaani kila mtu wa sita. Wa kwanza apatikane kwa kura ya namba 1 mpaka 6. Ikitoka 4, basi ni wa 4, wa 10, wa 16, na kuendelea. Muwe na macho katika jambo moja: ikiwa orodha imepangwa kwa magengi ya watu sita sita, mnyapara akiwa wa kwanza kila mahali, mkianza na 1 mtawapata wanyapara watupu. Orodha ya namna hiyo ichanganywe kwanza.

Aliyechaguliwa ndiye wa kuulizwa, si jirani yake. Hakupatikana leo, nenda kesho. Hakupatikana kesho, nenda Jumapili. Baada ya mara tatu andika "hakupatikana", na hesabu ya hao tutaisoma mbele ya waajiri pamoja na nyingine. Katibu asiwaulize watu wa tawi lake, tutabadilishana matawi. Si kwa kutomwamini mtu. Mwaka 1942, katika mji wa Memphis huko Marekani, watu weusi waliulizwa maswali yale yale na waulizaji weupe na waulizaji weusi, na majibu yakatofautiana sana kwa kufuata uso wa mwulizaji. Mtu anayekuogopa, au anayekudai, au anayetaka umsaidie kesi yake, atakupa jibu la kukufaa.

Maswali nayo yasilie wala yasicheke. "Je, mshahara wako hautoshi?" si swali, ni hotuba. Uliza: Mwezi uliopita ulilipa kodi shilingi ngapi? Juma lililopita unga ulinunuliwa kilo ngapi, kwa bei gani? Kwa chakula tuulize juma moja tu, maana ya mwezi mzima hakuna anayeyakumbuka, na ikiwezekana aulizwe anayekwenda dukani, ambaye mara nyingi siye mwenye kitambulisho cha kiwanda.

Tumekwisha sikia watu wakinong'ona: Kwa nini tujisumbue? Tuwachague wale wenye watoto wengi na madeni makubwa, dai letu lipate nguvu. Ndugu, mwajiri anacho kitabu cha mishahara, anazo na karatasi za mikopo ya watu. Akiwaona watano tu waliochaguliwa kwa makusudi atawatupa wote 100, na wale 95 wa kweli watakuwa wametupwa na sisi. Ametufundisha yeye mwenyewe jinsi ya kutupa: kuna mwajiri mmoja, hatumtaji, aliyeweka sanduku la maoni nje ya mlango wa ofisi ya meneja, akapata karatasi kumi na moja za kusifu, kisha akaja mkutanoni kusema wafanyi kazi wameridhika. Tulimwuliza: Sanduku lilikuwa wapi, na waliotia ni kina nani? Alikusanya makaratasi yake. Swali hilo hilo sasa lipo mlangoni petu.

Na majibu yakitoka chini kuliko tulivyosema katika barua ya madai? Tutayasoma vile vile yalivyo, na madai yatarekebishwa. Yakitoka juu, tutayasoma pia.

Kila tawi lilete orodha zake mbili, ya kudumu na ya vibarua, kabla ya Ijumaa ya juma lijalo. Kura itapigwa hapa hapa ofisini, mlango ukiwa wazi, na mwenye kutoa namba atakuwa mwanachama wa tawi jingine. Fomu zimekwisha pigwa taipu. Zinangoja wino wa mashine tu.